Wasemao Mkulima Hapendi Masomo ya Redio

Kila wanapokuja maafisa kutaka shauri juu ya kuanzisha masomo ya redio vijijini, swali lao la kwanza huwa ni lile lile, nami nimelichoka: tufanye nini ili watu wazima wa shamba wabadili mtazamo wao na kuyapenda masomo hayo? Ndani ya swali hili imejificha hukumu, kwamba mkulima huiona redio kuwa ni chombo cha ngoma na habari tu, wala elimu kwake si elimu mpaka amwone mwalimu na chaki mkononi. Hukumu hiyo ni batili, na ajabu ni kwamba hapa Tanzania ilikwisha kubatilishwa hadharani tangu zamani.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao 2,000,000, aghalabu wa vijijini, walikaa kwa makundi mbele ya redio kwa majuma 12, wakajifunza habari za malaria, kichocho, safura na kuhara, kisha wakainuka na majembe wakachimba vyoo. Je, hao walikuwa watu wa nchi nyingine? Walakini hawakuachiwa redio peke yake. Viongozi wa makundi wapatao 75,000 walikuwa wamekwisha kufundishwa. Na mbali na kipindi chenyewe palikuwa na kijitabu, ambacho wasiojua kusoma walisomewa, watu wakabishana, na ndipo wakaazimia la kufanya. Sauti ya redio ilikuwa mwanzo wa somo, wala haikuwa somo lenyewe, na hili ndilo asilotaka kulisikia kila anayeniletea hesabu ya redio anazokusudia kugawa.

Ama ile karatasi ya maswali inayotembezwa vijijini kupima mapenzi ya watu, hiyo ni upuuzi mtupu. Mgeni amepanda mlima, amepewa kiti cha pekee kilichomo nyumbani, kisha amwuliza mwenyeji wake, “Mzee, unapenda kujifunza kwa redio?” Aseme nini mtu mwenye adabu, ila kwamba apenda mno? Mwaka wa pili mzee yule hasikilizi, na mgeni huandika kwamba watu wa shamba ni wavivu, ilhali laiti angaliinua macho angaliziona betri zimeanikwa juani, zipate nguvu kidogo za kumfikisha mwenye nyumba kwenye taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Mtu anayezibania betri zake namna hii hatazimaliza kwa ajili ya somo la kupanda linalosomwa wakati wa mavuno, kwa Kiswahili cha ofisini, saa ambayo mkewe, aliye mkulima hasa, yumo jikoni na redio iko barazani kwa mume. Kadhalika aliyeandika barua ya swali, akangoja tangu palizi hata mavuno asijibiwe, hakuichukia elimu. Amewakatia tamaa wanaomfundisha, na ana haki. Kisha tunaambiwa dawa ni kuongeza nyimbo na vichekesho! Nyimbo anazo tele, tena nzuri kuliko zenu.

Basi, kwa mwenye haraka. Fuateni kalenda ya mvua ya mahali penyewe. Waulizeni wanawake saa yao, na kipindi kirudiwe siku nyingine. Undeni makundi kabla ya kurusha neno moja hewani, kila kundi na kiongozi aliyefundishwa, achaguliwe na wenyewe, na kijitabu chenye herufi kubwa na picha. Penye redio ya jamii, tumieni hiyo na lugha yake. Penye simu, rikodini masomo kwenye kadi, na maswali yapokelewe kwa ujumbe. Lakini awepo mtu wa kuyajibu, tena ajibu juma lile lile, kwa jina la aliyeuliza. Redio zenyewe zinunuliwe mwisho, fedha zikibaki.