Simu ikisema kata kushoto, muulize kwanza mwenye Phoenix

KILOMITA sita ndizo zilizoniponza. Ulikuwa mwezi wa Mei, mvua zimekwisha, nami nilikuwa narudi Mpanda kwa baiskeli kutoka kijiji kimoja cha upande wa Inyonga nilikokwenda kuzungumza na wakulima wa karanga. Baiskeli yangu ni ya mashindano, mtumba, tairi zake nyembamba kama kidole. Tangu lami ya Tabora ifike kwetu imekuwa ndiyo usafiri wangu siku ambazo sina mizigo. Simu nilikuwa nimeifunga kwenye usukani. Ikasema: kata kushoto, njia ni fupi.

Mita mia tano za kwanza zilikuwa barabara kweli. Zikafuata alama za trekta, kisha njia ya ng'ombe, kisha mbuga.

Wasomaji wa mjini wakisikia mbuga hufikiria twiga na watalii. Kwa mkulima wa huku mbuga ni ile ardhi tambarare ya udongo mweusi inayotuama maji masika na kupasuka kiangazi. Mwezi wa Mei ndio mbaya zaidi, kwa sababu juu pamekauka na kudanganya macho, chini bado ni uji. Gurudumu la mbele likaingia kwenye ufa, rimu ikapinda, nikabaki nasukuma.

Akatokea mzee mmoja na Phoenix yake, magunia mawili ya mahindi nyuma, anapita pembeni mwa mbuga kwenye kichochoro ambacho simu yangu haikukionyesha kabisa. Nilimpa shikamoo. Akaitika, akaitazama baiskeli yangu kwa huruma.

"Mwanangu, nani kakuleta huku na kitu hiki?"

Nikamwonyesha simu. Akauliza kama hiyo simu imewahi kupita hapo.

Nilifika Mpanda nimechelewa saa mbili na nusu. Mfukoni nilikuwa na sampuli za karanga ambazo wakulima walinipa nimwonyeshe mnunuzi aliyekuwa akinisubiri stendi. Alikuwa ameshaondoka. Karanga zile ziliuzwa majuma mawili baadaye kwa mlanguzi, kwa bei aliyoitaka yeye. Kwa hiyo ninapoandika juu ya ramani za simu siandiki juu ya mchezo wa vijana wenye baiskeli za bei mbaya.

Swali la yule mzee ndilo swali lenyewe. Simu haijapita pale. Wala aliyechora ule mstari, mara nyingi, hajapita.

Programu nyingi za baiskeli hutumia ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuirekebisha. Ni kazi njema sana, na bila hiyo vijiji vyetu vingi visingeonekana kwenye ramani yoyote ya simu. Lakini sehemu kubwa ya njia za vijijini zimechorwa na watu walioketi mbali, wakifuata picha za satelaiti. Kutoka angani, mstari mweupe katikati ya miombo unaweza kuwa barabara ya kijiji, njia ya wapasua mbao, kinga ya moto au mapito ya mifugo. Mchoraji anaweka mstari. Palipo na nafasi ya kueleza uso wa njia, kama ni lami, changarawe au udongo, mara nyingi pamebaki patupu, na programu inapokuta patupu hukisia.

Kuna jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi. Programu hizi huipa kila njia gharama kisha hutafuta jumla iliyo ndogo. Zikijua uko juu ya baiskeli, hupandisha gharama ya barabara kuu ili kukuepusha na malori. Ulaya hilo ni jambo la busara, kwa kuwa hata kibarabara cha kwenda shambani kwa mtu kinaweza kuwa na lami. Huko nako wenye baiskeli za mashindano hulalamika kutupwa kwenye njia za msituni, ila hutoka baada ya muda mfupi. Katavi mambo ni kinyume. Barabara kuu ndiyo yenye lami, na ukiikimbia umeikimbia lami yenyewe. Palipo na programu isiyo na hesabu ya baiskeli kwa eneo letu, mtu huchagua hesabu ya waenda kwa miguu, akaishia kupelekwa kisimani.

Tufanye hesabu kidogo, maana ndiyo kazi niliyosomea. Chukua safari ya kilomita 31 kwa lami. Kwa mwendo wa kilomita 24 kwa saa, utatumia kama saa moja na dakika 17. Simu inakupa njia ya kilomita 25, na kati ya hizo 9 ni za udongo. Kwa tairi nyembamba kwenye udongo ukienda kilomita 7 kwa saa umejitahidi. Kilomita 9 hizo peke yake zitakula saa moja na dakika 17, yaani muda wa safari nzima ya lami, na bado una kilomita 16 mbele. Hapo sijaweka pancha, wala rimu.

Tairi ya baiskeli ya mashindano huwa na upana wa milimita 25 hadi 28 na hujazwa upepo hadi iwe ngumu kama fimbo. Ya Phoenix inakaribia milimita 40, na fremu yake ilitengenezwa kubeba. Kwa programu nyingi, mzee yule na mimi tulikuwa kitu kimoja: baiskeli.

Kwa nini haya yawe muhimu sasa? Barabara ya Tabora–Koga–Mpanda, kilomita 342.9 za lami zilizojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Mei 2022. Zamani mgeni wa Mpanda alikuja kwa treni ya kutoka Kaliua, reli ya kilomita 210 iliyojengwa na wakoloni kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira, au alikula vumbi siku nzima. Sasa lami inawaleta hata wasafiri wa baiskeli, wale wanaovuka Afrika wakiwa na mifuko pembeni mwa magurudumu. Wanalala kwenye nyumba zetu za wageni, wananunua ndizi, wali na asali. Si wengi, lakini fedha yao inaishia kwa mama ntilie na kwa fundi baiskeli, haipiti kwa dalali.

Kiangazi kilichopita nilikutana na wawili kati yao hapo Inyonga, wanakwenda Sumbawanga. Simu yao ilikuwa inawaambia waache lami palepale, wakate kusini kuelekea Majimoto na bonde la Rukwa badala ya kuzunguka Mpanda. Ukitazama karatasi, simu ina haki, Mpanda ni mzunguko. Lakini njia ile ni ya udongo, inapita misitu mirefu ambako mbung'o hawakuachi unywe maji, kisha inashuka bondeni. Wakulima wa mpunga wa Mpimbwe wanaijua vizuri, na hata madereva wa Fuso huifikiria mara mbili mvua zikianza. Tairi zao zilikuwa nyembamba kama zangu.

Hata barabara kuu ya kusini inataka akili. Baada ya Sitalike, kilomita 40 hivi kutoka Mpanda, inaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye kilomita za mraba 4,471, tembo, simba na nyati. Njia za ndani ya hifadhi zinazozunguka tambarare za Katisunga na Chada nazo zimo kwenye ramani, na simu inaweza kuzihesabu kama njia nyingine yoyote. Mwenye baiskeli aulize getini kabla, si baada.

Niliwashauri wale wageni waiweke simu kwenye hesabu ya gari, ambayo hupendelea barabara kuu, kisha wafuate lami hadi Mpanda. Wakati mwingine dawa ni rahisi kiasi hicho. Niliwaambia pia namna ya kuuliza. Ukimuuliza kijana wa bodaboda kama njia ipo, atajibu ipo, na hajasema uongo. Muulize mvua ilinyesha lini, na kama baiskeli yenye gunia inapita. Utaona anavyofikiri kabla ya kujibu.

Upande wetu nako kuna kazi. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, ndiyo inayosimamia barabara za wilaya, na wahandisi wake wanajua ipi ina changarawe na ipi ni udongo mtupu. Taarifa hizo zikiwekwa kwenye ramani huria, programu zingeacha kukisia. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam walianza kuchora mitaa inayofurika katika mradi wa Ramani Huria, wakitembea kwa miguu mtaa kwa mtaa. Sioni kwa nini vijana wa Mpanda wasifanye hivyo kwa njia za mazao. Ramani ile ina hata madaraja matano ya njia za mashambani, la kwanza likiwa njia ngumu na la tano udongo laini. Mnunuzi wa mpunga anayetuma gari lake kwa kufuata simu angefaidika kuliko hata mwenye baiskeli.

Mimi nilianza na ile njia yangu ya kushoto. Nilirudi na mzee wa Phoenix, nikaiandika daraja la tano, udongo, na kile kichochoro chake cha pembeni nikakichora. Anasema kuanzia Julai hadi mvua za kwanza panapitika, kwa tairi pana. Hilo nalo nimeliandika.