Homoni Iliyosingiziwa

Mwanamke mwenye PCOS, hali ya homoni inayohusishwa na ovari zenye vifuko vingi, akiharibikiwa na mimba, jibu huwa limeshatangulia: ni homoni. Mawifi watasema hivyo, muuza dawa za kusafisha kizazi mtandaoni atasema hivyo, na pengine hata daktari mwenye foleni ndefu mlangoni. Si uzushi mtupu. Wanasayansi nao waliwahi kuamini hivyo, tena kwa takwimu.

Mwaka 1990 Lesley Regan na wenzake wa London walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya wanawake 193 waliokuwa wakipanga kubeba mimba. Walipima homoni ya LH, inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo na kuamuru yai litoke kwenye ovari. Kati ya wenye LH ya kawaida walioshika mimba, asilimia 12 waliharibikiwa. Kati ya wenye LH ya juu, asilimia 65. Na kwa kuwa wengi wenye PCOS wana LH ya juu, mkosaji alionekana amepatikana: homoni inalikomaza yai kabla ya wakati, na mimba yake haidumu.

Basi LH ikishushwa, mimba ingedumu. Haikuwa hivyo. Jaribio lililochapishwa katika BMJ mwaka 1996, Regan akiwa miongoni mwa watafiti, liliwapa baadhi ya wanawake waliokuwa wakipoteza mimba mfululizo dawa za kuizima LH. Hawakupata watoto zaidi ya wenzao ambao LH yao haikuzimwa. Mwaka 2000 timu hiyo ikaja na kundi la wanawake 2,199 wenye historia kama hiyo. Takriban asilimia 41 walionekana kwenye altrasaundi kuwa na ovari zenye vifuko vingi, lakini walioshika mimba tena bila dawa walijifungua salama sawa na wasio navyo, kama 6 katika kila 10. Nawaheshimu watafiti wanaoirudia hoja yao wenyewe na kuibomoa.

Tena picha hiyo ya altrasaundi peke yake si PCOS. Vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam mwaka 2003 vinadai mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume zilizozidi, na ovari za namna hiyo. Wapo wanaotoka chumba cha altrasaundi wakilia kwa ugonjwa wasio nao.

Je, PCOS haihusiki kabisa? Inahusika, ila kwa kuzunguka. Wengi wenye hali hii miili yao haiitikii insulini vizuri, na wengi wana uzito mkubwa, ambao peke yake huongeza hatari ya mimba kuharibika. Wengi pia hutafuta ujauzito kliniki, wanakopimwa mapema mno, hivyo mimba ambayo mwingine angeidhania hedhi iliyochelewa wao huandikiwa kuwa imeharibika. Na karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema, kwa mwanamke yeyote, zina kasoro ya kromosomu.

Kwa sababu ya insulini, metformin, dawa ya kisukari, ilitazamiwa mengi. Katika jaribio la Norway, Sweden na Iceland lililotolewa mwaka 2019, wanawake 487 wenye PCOS walipewa dawa hiyo au kidonge kitupu kuanzia mwisho wa miezi mitatu ya kwanza. Waliopoteza mimba baadaye au kujifungua kabla ya wakati walikuwa asilimia 5 kwa metformin na 10 kwa kidonge kitupu. Tofauti hiyo pekee ingeweza kuwa ya bahati. Ilipounganishwa na majaribio ya awali ndipo ikapata nguvu. Kuhusu mimba za mwanzoni, jaribio hilo halisemi kitu.

Hatari ya neno PCOS ni kwamba likishatamkwa, uchunguzi hukoma. Aliyepoteza mimba mara kwa mara anastahili kupimwa tezi ya shingo, umbo la mfuko wa uzazi, na kingamwili zinazogandisha damu kwenye kondo. Hizo za mwisho zina tiba. Mwaka 1997 timu ileile ya London iliwagawa wanawake 90 wenye kingamwili hizo: kati ya waliopewa aspirini peke yake, asilimia 42 walipata mtoto. Walioongezewa sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asilimia 71.