Barua Safi, Onyo la Nini?

Je, msomaji, umewahi kutuma barua pepe ya heshima, kisha ukapigiwa simu na kuulizwa mbona barua yako ina hatari?

Tuchukue mfano wa karani wa kiwanda cha majani chai kati ya Kericho na Bomet. Anamwandikia dalali mjini Mombasa, ambako chai hupigwa mnada, kumweleza idadi ya mifuko iliyo njiani. Kwa kuwa ana haraka, ananakili jedwali na nembo kutoka barua ya zamani. Huko Mombasa, tarakilishi inakataa kuonyesha nembo na badala yake inatoa onyo. Dalali anaingiwa na shaka. Je, huyu ni karani kweli, au ni tapeli anayetaka pesa za wakulima zipelekwe katika akaunti nyingine?

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Maneno yaliyonakiliwa nayo huja na maagizo yasiyoonekana: ukubwa wa herufi, rangi, na mahali picha ilipohifadhiwa. Mara nyingi nembo haimo ndani ya barua. Mna agizo tu la kuifuata kwenye seva fulani. Programu ya mpokeaji huizuia kwa sababu kuifuata humjulisha mwenye seva kwamba barua imefunguliwa, na saa ngapi. Vivyo hivyo, kiungo kinaweza kuonyesha anwani moja na kumpeleka msomaji kwingine. Matapeli huipenda sana mbinu hiyo.

Tahadhari hii haikuanza bure. Mwezi Mei 2000, kirusi cha ILOVEYOU kutoka Ufilipino kilienea duniani kikijifanya barua ya mapenzi. Faili yake ilionekana kama maandishi matupu, kumbe ilikuwa programu. Windows ilikuwa imeficha sehemu ya mwisho ya jina lake.

Basi tufanyeje? Unaponakili, bandika maandishi pekee bila mapambo yake. Nembo isiyo ya lazima, iondoe. Wanafunzi wanaotuma maombi ya kazi nao wafanye hivyo, barua zao zisije zikatupwa pamoja na taka.

Nawe unayepokea, usibonyeze tu ili onyo lipotee. Mpigie mwenzako kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Mchumaji aliyeamka alfajiri kuingia shambani hataiona barua hiyo kamwe, lakini malipo yake yanaitegemea.