Wakati Ujao katika Lugha ya Kiingereza

Wasomaji wetu, katika shule za msingi za serikali mtoto wa Temeke au wa Kinondoni hufundishwa masomo yake kwa Kiswahili, naye akiingia sekondari hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Aghalabu hawakosi maneno, bali hawajui yakaliane namna gani. Leo twapenda kueleza jambo moja tu, nalo ni jinsi Waingereza wasemavyo mambo yajayo.

Sisi tuna "-ta-", nayo yatutosha. Mtu akisema "nitakuja", maneno yake hayaonyeshi kama aliazimia tangu jana, au ameamua sasa hivi, au abahatisha tu. Mwingereza hupenda kuyatenga hayo. Neno lake "will" hapo kale lilikuwa na maana ya kutaka. Nao wataalamu wa lugha husema ya kuwa "-ta-" yetu nayo yatokana na "kutaka", na alama yake ingalipo katika "atakayekuja". Basi maneno haya ni ndugu, walakini hayakupewa kazi sawasawa.

"Will" hutumika kwa jambo lililoamuliwa papo hapo, kwa ahadi, na kwa dhana ya msemaji. Mtu akipiga hodi nawe ukainuka, utasema, "I will open the door." Lakini nia iliyokwisha kukaa moyoni yataka "going to". Fundi cherehani wa Tandika aliyeweka fedha mwezi hata mwezi husema, "I am going to buy a new machine," ijapokuwa hajainua mguu wake kwenda popote; neno hili "going" halina safari ndani yake. Kadhalika jambo ambalo dalili zake zaonekana kwa macho: wingu jeusi likitanda wakati wa masika, husemwa, "It is going to rain."

Jambo mlilokwisha kupatana na mtu mwingine, siku ikawekwa, husemwa kama kwamba latendeka sasa. Mwalimu aombaye ruhusa na aandike, "I am seeing the doctor on Monday." Akiandika "I will see the doctor", mkuu wake aweza kudhani ya kuwa miadi haijawekwa. Tena mambo ya ratiba husemwa kwa wakati uliopo wa kawaida. Abiria wa reli ya TAZARA akitajiwa saa ya kuondoka ataambiwa, "The train leaves at four o'clock." Hiyo "four" ni saa kumi yetu ya alasiri, wako walioitafsiri vema sentensi nzima, wakakosa gari kwa ajili ya saa.

Kuna na kosa moja lisikikalo sana mjini. Mtu ainukapo dukani kwenda zake kwa kitambo, husema kwa Kiswahili "nakuja", nasi sote twaelewa ya kuwa atarudi. Akisema "I am coming" huku akitoka mlangoni, mgeni hushangaa, maana kwake maneno hayo ni ya mtu amwendeaye yule anayesema naye. Na aseme, "I will be back soon."

Lakini kosa lizidilo yote latoka katika "utakapo-". Twasema, "Utakapofika Mbagala, nitakupokea." Mwanafunzi aona "-ta-" mara mbili, akaandika "will" mara mbili: "When you will arrive at Mbagala, I will meet you." Si sahihi. Mwingereza huweka "will" katika tendo kuu peke yake: "When you arrive at Mbagala, I will meet you." Walimu twawapa njia nyepesi. Mwambie mwanafunzi ageuze "utakapofika" kuwa "ukifika". Maana yabaki karibu ile ile, na "-ta-" imekwisha toka, sasa afasiri. Baada ya "until", "before" na "as soon as" ni vivyo hivyo: "Ngoja mpaka atakapokuja" ni "Wait until he comes."

Je, "will" haifuati "when" kabisa? Hufuata, ikiwa Kiswahili chake ni "lini". "Utafika lini?" ni "When will you arrive?" na "Sijui atafika lini" ni "I do not know when he will arrive."

"Nitakuwa nikifundisha" na "nitakuwa nimekwisha kula" hazina taabu, kwani Kiingereza chafuata njia ile ile: "I will be teaching", "I will have eaten".

Lasalia neno "shall". Vitabu vya zamani viliagiza "I shall" na "you will"; siku hizi wengi husema "will" kwa nafsi zote, na "shall" hubaki zaidi katika kuuliza shauri, kama "Shall I close the window?" Walakini katika mikataba lingali na nguvu. Mpangaji wa Kinondoni akipewa karatasi iliyoandikwa "The tenant shall pay the rent every three months", asidhani ni habari ya mambo yatakayotokea. Hapo maana yake ni kwamba imempasa kulipa, naye akitia sahihi amekubali kufungwa na neno hilo.