Saa 24 za Kutoa Taarifa

Januari 13, 2025, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani (WHO) zilipokea tahadhari kupitia mtandao wao wa ndani: huenda ugonjwa wa virusi vya Marburg umezuka mkoani Kagera, Tanzania. Siku iliyofuata shirika likalitoa jambo hilo hadharani, likitaja watu tisa walioshukiwa kuugua, wanane wakiwa wamekwisha kufariki. Wizara ya Afya ya Tanzania ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Kisha Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba sampuli moja imethibitishwa kuwa na Marburg.

Aliyefuatilia habari hizo kwenye simu ana haki ya kuuliza: kwani taarifa hizi husafirije?

Jibu limo katika Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007. Kila nchi lazima iwe na ofisi maalumu inayopatikana usiku na mchana. Ikishatathmini tukio na kuona kwamba linaweza kuwa hatari kwa mataifa mengine, ina saa 24 kuiarifu WHO. Tetesi zikilifikia shirika kwa njia nyingine, huiuliza nchi husika, nayo hutakiwa kutoa jibu la awali ndani ya saa 24. Mawasiliano haya huanza faraghani ili wataalamu wapate nafasi ya kupima kabla ya taharuki.

SARS, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mfumo wa kupumua, ndiyo iliyoharakisha kuandikwa upya kwa kanuni hizo. Ugonjwa ulianza Guangdong, China, Novemba 2002, lakini taarifa rasmi iliifikia WHO Februari 11, 2003. Siku kumi baadaye daktari mmoja kutoka Guangdong alifikia hotelini Hong Kong akiwa mgonjwa. Wageni walioambukizwa pale waliupeleka ugonjwa Hanoi, Singapore na Toronto. Hadi unadhibitiwa, watu 774 walikuwa wamekufa.

Lakini kanuni haiondoi hofu ya kuadhibiwa, na hofu hiyo ina msingi. Novemba 24, 2021, Afrika Kusini iliiarifu WHO kuhusu aina mpya ya virusi vya korona, ambayo baadaye iliitwa Omicron. Wanasayansi wake walifanya kazi waliyopaswa kuifanya, tena kwa kasi ya kupigiwa mfano. Ndani ya siku chache Uingereza, Umoja wa Ulaya na Marekani zikawafungia milango wasafiri kutoka kusini mwa Afrika, ingawa WHO ilishauri vinginevyo.

Kanuni zinataka vizuizi vya safari viwe na msingi wa kisayansi, ila hazina adhabu kwa anayezikiuka. Waziri yeyote mwenye sampuli ya kutia shaka mezani anayajua hayo. Anawaza hoteli zitakazokosa watalii na mizigo itakayozuiwa mpakani. Serikali inayochelewa kusema inastahili kulaumiwa. Inayofunga mipaka bila ushahidi nayo iwajibishwe vivyo hivyo, na iilipe fidia nchi iliyosema mapema.