Mimea ya Pori la Songea (2): Miti Iliyozama Ardhini

Juma lililopita tulikuwa ndani ya miombo, kwenye miteremko ya milima ya Matogoro, mashariki mwa mji wa Songea, unakoanzia Mto Ruvuma. Leo tutoke kwenye vivuli tuingie nyikani: vile vilele vya nyasi tupu na mabonde yanayotota wakati wa mvua. Wengi huyahesabu maeneo hayo kuwa ardhi isiyo na kitu, na mimi nayapigania.

Pita huko mwezi wa tisa au wa kumi, moto ukishapita. Kabla tone la mvua halijaanguka, majivu yanachanua maua. Nguvu hiyo inatoka chini. Sehemu kubwa ya vile vinavyoonekana kama vijiti vya msimu mmoja ni miti kamili iliyozamisha shina na matawi yake udongoni, ikabakiza ncha tu juani. Mtaalamu wa mimea Frank White aliieleza mwaka 1976 kuwa ni misitu ya Afrika iliyo chini ya ardhi. Mbura tunaoufahamu kwa matunda yake matamu ni mti mkubwa, lakini ndugu yake, Parinari capensis, anayeota kwenye nyika za kusini mwa Afrika, hafiki hata gotini. Moto ukila machipukizi yake, amepoteza ya mwaka mmoja. Mwili wake uko salama, na huenda umeishi mamia ya miaka.

Miombo nayo huishi kwa akiba ya chini. Baada ya Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, vifo na njaa viliacha mashamba mengi ya kusini bila wakulima, na pori likayarudia bila kupandwa na mtu. Mti wa miombo ukikatwa, kisiki na mizizi huchipua. Kiking'olewa kisiki, hadithi ni nyingine.

Kwa hiyo nyika inauawa na trekta linalopindua mizizi, na inauawa pia na misindano na mikaratusi iliyopandwa kwa nia njema. Mimea ya nyika inataka jua. Kivuli kizito kikidumu miaka, akiba ya chini inakwisha. Panda miti pale msitu ulipokatwa. Nyika ya asili haikukatwa na mtu.

Walio hatarini zaidi ni okidi wa nyikani, wale wenye viazi vinavyovushwa kwenda Zambia, ambako husagwa na kupikwa na unga wa karanga kuwa chikanda. Kila okidi wa aina hiyo huwa na viazi viwili: kikuukuu kinacholisha ua la sasa, na kipya kilichowekewa mwaka ujao. Mchimbaji anakitaka kile kipya, na akikichukua mmea umekufa. Mbegu zake ni vumbi lisilo na chakula ndani. Haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu wanaofaa udongoni. Ndiyo maana shimo la okidi halizibwi upesi. Nyika ya Kitulo ilipewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya maua yake. Vilima vyetu vya Ruvuma havina ulinzi wa namna hiyo, na wanunuzi wa viazi hawachagui kilima.

Juma lijalo: msuku, wenye mti dume na mti jike, na kwa nini dume lisilozaa lisikatwe kuni.