KUKU ANAPOUGUA UGONJWA USIOJULIKANA: MAELEZO KWA WAFUGAJI WA NYUMBANI

Watumishi na wananchi wanaofuga kuku majumbani wanafahamishwa namna ya kumshughulikia kuku aliyeugua ilhali ugonjwa wake haujabainika. Maelezo haya yanachukua mfano wa Nakwa, katika Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002 kutokana na kugawanywa kwa Mkoa wa Arusha. Mfano huo umechaguliwa kwa kuwa ufugaji wa nyumbani wa huko unafanana na wa shehia nyingi za Unguja na Pemba: kuku wachache wa kienyeji, wanaojitafutia chakula mchana kutwa na kurejea kulala bandani jua linapotua.

Kuku hao ni akiba ya nyumba, na mara nyingi ni mali ya mama mwenye nyumba. Mtetea mmoja akiuzwa hununua madaftari ya mtoto au hulipia nauli ya kwenda hospitali. Ndiyo maana anapoonekana amejikunyata, manyoya yamesimama na hataki kula, mwenyewe huingiwa na haraka ya kufanya moja kati ya mambo mawili: kumpa dawa yoyote iliyomo ndani, au kumuuza kabla hajafa. Haraka zote mbili ndizo zinazomaliza banda zima.

Ugumu wa kuutambua ugonjwa

Dalili za magonjwa ya kuku hufanana. Kuhara kijani, kuhema kwa taabu, kukoroma, kupinda shingo na kupooza miguu au mabawa huashiria mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle nchini Uingereza. Ukiingia katika kuku wasiochanjwa, unaweza kuwaua takriban wote kwa siku chache. Uso uliovimba na makamasi yenye harufu mbaya huashiria mafua ya kuku. Vipele na magamba juu ya upanga na kando ya macho ni alama za ndui, ambayo huenezwa pia na mbu. Kinyesi chenye damu kwa vifaranga huashiria ugonjwa wa kuhara damu. Kuku anayekonda polepole ilhali anakula huenda ana minyoo.

Hata hivyo, kuhara peke yake hakutoshi kutoa hukumu. Homa ya matumbo ya kuku nayo huharisha. Aidha, homa ya mafua ya ndege, ambayo Uganda iliithibitisha kando ya Ziwa Victoria mwezi wa Januari 2017, haiwezi kutofautishwa na mdondo kwa macho matupu. Jibu la yakini hupatikana maabara.

Mambo ya kufanya siku ya kwanza

(1) Kuku mgonjwa atengwe mara moja, awekwe mahali pakavu penye kivuli na hewa, mbali na wenziwe. Asirudishwe bandani kwa sababu tu ameonekana kuchangamka siku moja.

(2) Apewe maji safi kila wakati, na chakula laini kama vile pumba iliyoloweshwa. Kuku anayeharisha huuawa upesi na ukosefu wa maji mwilini.

(3) Walishwe kwanza walio wazima, kisha mgonjwa. Baada ya hapo mikono ioshwe kwa sabuni. Virusi vya mdondo vikiingia machoni mwa binadamu huweza kuyafanya yawe mekundu na kuuma.

(4) Iandikwe siku aliyoanza kuugua, rangi ya kinyesi chake, idadi ya wagonjwa na waliokufa, na kama kuna kuku mgeni aliyeletwa karibuni. Maelezo hayo mafupi humsaidia sana mtaalamu.

(5) Bwana mifugo apewe taarifa bila kuchelewa, hasa wakifa kuku zaidi ya mmoja kwa muda mfupi. Mfugaji wa Nakwa huanzia kwa afisa mifugo wa eneo lake, na sampuli huweza kupelekwa kituo cha Arusha cha Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Mkaazi wa Visiwani aanzie kwa bwana mifugo wa shehia au wa wilaya yake.

Kuhusu dawa

Imezoeleka kwa baadhi ya watu kufungua vidonge vya rangi mbili vilivyobaki baada ya mtu kuugua na kuvimimina katika maji ya kuku. Ikiwa ugonjwa ni mdondo, dawa hizo haziuponyi, kwa kuwa unasababishwa na virusi. Ikiwa ni ugonjwa unaotibika kwa dawa hizo, kipimo cha kubahatisha huwaacha vijidudu vikiwa sugu. Mwarobaini, shubiri na pilipili navyo haviwezi kushika nafasi ya chanjo. Kuku aliyepewa dawa kwa ushauri wa mtaalamu asiliwe, wala mayai yake yasiliwe, mpaka zitimie siku zilizoandikwa katika maelekezo ya dawa hiyo.

Kuuza, kuchinja na kuzika

Babati iko kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Dodoma. Kuku mgonjwa akitiwa katika tenga asubuhi, jioni anaweza kuwa amefika mkoa mwingine pamoja na ugonjwa wake. Hivyo basi, kuku mgonjwa asiuzwe wala asitolewe zawadi, na asichinjwe kwa kitoweo wakati ugonjwa wake haujulikani. Aliyekufa kibudu asitupwe jalalani wala asipewe mbwa. Ikiwa mtaalamu hahitaji mzoga kwa uchunguzi, uzikwe katika shimo refu au uchomwe moto.

Kinga

Mdondo hauna tiba, lakini una chanjo. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa nchini na Wakala iliyotajwa hapo juu, hutolewa kwa tone moja katika jicho la kila kuku na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingi, jambo linalowafaa wasio na jokofu, lakini haifai kuachwa juani. Chanjo hiyo ni kwa kuku wazima. Haimponyi aliyekwisha kuugua, na kinga yake huhitaji kiasi cha wiki moja hadi mbili ili ijengeke. Inafaa majirani wapatane siku moja ya kuchanja, kwani kuku hawajui mipaka ya ua, na chupa moja huwatosha kuku wa nyumba nyingi.

Kuku mgeni naye atengwe kwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Inawezekana kuku mmoja aliyetengwa akafa licha ya matunzo yote. Mfugaji asihesabu kuwa kazi yake imepotea, maana kwa kumtenga na kutoa taarifa mapema huwa amewanusuru waliobaki bandani, na wa jirani yake pia.